Kuboresha Pikapu Bila Kuipunguzia Usalama: Mwongozo Kamili kwa Mmiliki

Mmiliki wa pikapu anapopata fedha ya ziada, mara nyingi huanza na kile kinachoonekana: rimu pana, tairi zenye meno makubwa, ngao ya chuma mbele, na gari kuinuliwa juu. Baada ya hapo humtafuta fundi wa kuongeza nguvu ya injini. Breki huja mwisho, na kwa wengi haziji kabisa. Mwongozo huu unafuata mpangilio ulio kinyume na huo. Unaanza na uzito, kisha uzima wa gari lenyewe, halafu tairi, springi na breki, na nguvu ya injini inaachwa hadi gari liwe limethibitika kwamba linaweza kusimama na kukata kona likiwa na mzigo wake wa kila siku. Nasisitiza mpangilio huu kwa sababu moja: karibu kila kifaa kinachofungwa kwenye pikapu kina uzito, na uzito huo unaonekana wazi siku ambayo ng'ombe au mtoto ameingia barabarani ghafla.

Mifano mingi hapa ni ya Toyota Hilux, kwa kuwa imeenea sana katika Tanzania na Kenya, lakini maelezo yanafaa pia kwa Isuzu D-Max, Ford Ranger na Mitsubishi L200, ambazo nyingi zina muundo unaofanana: bodi iliyokaa juu ya chasisi, springi za koili mbele na springi za mabamba nyuma. Land Cruiser ya mfululizo wa 79 inatofautiana kwa kuwa na ekseli nzima mbele, na pale ambapo tofauti hiyo ina maana nitaitaja.

Hatua ya 1: Jua uzito wako halisi

Tafuta kibandiko au bati lililopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya boneti, na usome uzito wa juu unaoruhusiwa, yaani uzito wa gari pamoja na watu, mafuta, mzigo na vifaa vyote vilivyofungwa. Ukitoa uzito wa gari tupu kwenye namba hiyo, kinachobaki ndicho unachoweza kubeba. Pikapu nyingi husemwa kuwa ni za tani moja, lakini hesabu ya gari la dabo kabini lililopambwa hutoa jibu tofauti kabisa.

Tuchukue gari ambalo uzito wake wa juu ni kilo 2,910, na likiwa tupu lina kilo 2,050. Zinabaki kilo 860. Watu watano wa kilo 75 kila mmoja wanachukua 375, na zinabaki 485. Sasa ongeza ngao ya chuma yenye kilo 60, winchi na waya wake kilo 40, kanopi kilo 80, na tairi ya akiba ya pili pamoja na rimu yake kilo 35. Vifaa hivyo vinne ni kilo 215. Zilizobaki ni 270, yaani mifuko mitano tu ya saruji. Mmiliki huyo akipakia mifuko ishirini, kama alivyozoea kufanya kabla gari halijapambwa, amezidisha zaidi ya kilo 700. Tenki la maji la lita 1,000 likijazwa lina tani moja kabla hata ya kuhesabu tenki lenyewe, na pipa la lita 200 la dizeli linakaribia kilo 190 pamoja na chuma chake.

Mahali mzigo unapokaa pana umuhimu sawa na kiasi chake. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ya Hilux ya dabo kabini ni milimita 3,085. Ukiweka kilo 200 mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa mfano juu ya mlango wa nyuma au kwenye ndoano ya kuvutia tela, ekseli ya nyuma hubeba takriban kilo 265, na ekseli ya mbele hupunguziwa kilo 65. Ndiyo maana pikapu iliyojazwa nyuma sana huwa na usukani mwepesi unaoelea, taa zinazopiga machoni mwa wanaokuja, na tairi za mbele zisizoshika barabara wakati wa kufunga breki. Mzigo mzito uwe mbele ya ekseli ya nyuma, karibu na kabini, na uwe chini.

Kabla ya kununua kifaa chochote, lipeleke gari kwenye mizani. Ghala la nafaka, machimbo ya kokoto na wanunuzi wa vyuma chakavu huwa na mizani ya malori, na wengi hukubali kukupimia kwa ada ndogo. Pima gari zima, kisha simamisha ekseli ya mbele peke yake juu ya mizani, halafu ya nyuma. Andika namba hizo tatu na uzihifadhi. Bila hizo, kila uamuzi utakaofuata kuhusu springi na tairi utakuwa wa kubahatisha.

Hatua ya 2: Rudisha nguvu iliyopotea

Malalamiko mengi ya kwamba gari halivuti hayahitaji kifaa kipya. Gari lenye kilomita nyingi limepoteza nguvu kidogo kidogo, na kuirudisha ni rahisi na salama kuliko kuongeza nyingine juu ya udhaifu.

Anza na hewa. Kagua filta ya hewa, kisha pitia hosi zote kutoka kwenye filta hadi kwenye turbo, na kutoka kwenye turbo hadi kwenye intakula (kipoza hewa) na injini. Klempu iliyolegea au hosi iliyopasuka hutoa mlio wa kupuliza na moshi mweusi gari linapopanda mlima. Katika barabara zetu za vumbi napendekeza filta ya karatasi ya kiwanda badala ya zile za pamba iliyolowekwa oili zinazouzwa kama za kuongeza nguvu. Faida yake kwenye injini ya dizeli ya kazi ni ndogo, na vumbi linalopita huila turbo na kuta za silinda. Usipulize filta ya karatasi kwa kompresa yenye shinikizo kubwa, kwani matundu yasiyoonekana kwa macho hubaki.

Kisha mafuta. Toa maji kwenye filta ya dizeli kila unapofanya huduma, na mara moja taa yake inapowaka kwenye dashibodi, kwa sababu pampu na nozeli za mfumo wa reli ya pamoja (common rail) hufanya kazi kwa shinikizo kubwa mno na haziwezi kustahimili maji. Mwenye Hilux ya injini ya 1KD-FTV ya lita 3.0 akague pia washa za shaba zilizo chini ya nozeli. Zikichoka, gesi ya mwako hupenya hadi kwenye oili, uchafu mweusi huziba chujio lililo ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), na injini hukosa oili bila dalili kubwa ya mapema. Fundi anayejua injini hiyo ataelewa mara moja unachomwambia.

Mwisho, inua magurudumu yote manne na uyazungushe kwa mkono. Gurudumu linalokwama lina breki inayobana au beringi iliyochoka, na yote mawili hula dizeli na kupika breki njiani. Kagua bolijointi, tairodi endi, bushi na viungo vya propela shafti, na ubadilishe vilivyolegea kabla ya kufikiria kuinua gari, kwa kuwa kuinua huongeza pembe na mzigo kwenye viungo hivyo hivyo.

Hatua ya 3: Tairi

Soma maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi. Katika 265/65R17 112S, namba 112 ni uwezo wa kubeba, na maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja; herufi S ni mwendo wa juu wa kilomita 180 kwa saa. Tairi nyingine zinazoingia kwenye rimu hiyo hiyo zimetengenezwa kwa ajili ya gari dogo, na uwezo wake ni wa chini. Usikubali namba iliyo chini ya ile ya kwenye kibandiko cha gari, hata muuzaji akikuhakikishia kwamba zinafanana.

Tafuta pia tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT. Tairi iliyoandikwa 2319 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mtumba zinaweza kuwa na kashata za kutosha huku mpira wake umeshakauka, na nyufa ndogo ubavuni ni sababu tosha ya kuzikataa. Kwa gari la mzigo linalosafiri mwendo mrefu juani, siwezi kumshauri mtu yeyote anunue tairi ya mtumba, hasa kwa ekseli ya mbele.

Kuhusu ukubwa, hesabu ni rahisi. Kipenyo cha 265/65R17 ni takriban milimita 776, cha 265/70R17 ni 803, na cha 285/70R17 ni 831. Ukihamia kwenye hiyo ya mwisho, gari linakuwa na gia ndefu zaidi kwa asilimia 7: linavuta kwa uzito, linachelewa kuongeza mwendo, breki zinafanya kazi kubwa zaidi kulisimamisha gari lile lile, na spidomita inadanganya. Inapoonyesha 100, gari linakwenda karibu 107, isipokuwa kama spidomita yenyewe ilikuwa inazidisha kidogo tangu kiwandani. Anayelalamika kwamba gari limepoteza nguvu baada ya kufunga tairi kubwa ameupata mzizi wa tatizo. Kwa matumizi ya kawaida, ongezeko lisizidi asilimia 3 au 4.

Tairi za meno makubwa ya tope zina faida ya kweli kwa mtu anayefanya kazi shambani Mbozi au Kericho wakati wa masika. Kwenye lami yenye maji, hata hivyo, huchukua umbali mrefu zaidi kusimama, kwa sababu mpira unaogusa barabara ni mchache. Mwenye kukaa zaidi kwenye lami na barabara za changarawe atafaa zaidi kwa tairi za mseto.

Pima upepo asubuhi tairi zikiwa baridi, na ufuate kibandiko, ambacho hutoa namba mbili, moja ya gari tupu na nyingine ya gari lenye mzigo. Wengi hujaza namba ya mzigo na kuiacha mwaka mzima. Matokeo yake ni gari tupu linalorukaruka nyuma na kuteleza kwenye kona. Kosa la upande wa pili ni la hatari zaidi, kwani tairi yenye upepo mdogo na mzigo mkubwa hupata joto kila inapojikunja, na hupasuka katikati ya safari. Kwenye mchanga mzito unaweza kupunguza hadi psi 18 hivi, kwa sharti la kwenda polepole na kujaza tena kabla ya kurudi kwenye lami.

Epuka vipande vya kuchomoza gurudumu nje na rimu zenye bakuli la kina. Vinasogeza gurudumu mbali na beringi, na beringi pamoja na bolijointi zinabeba mzigo usiokuwa wake.

Hatua ya 4: Springi, shokapu na kuinua gari

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea na ndipo tabia ya gari hubadilika zaidi. Springi huchaguliwa kwa uzito ambao gari linabeba siku zote, kama vifaa vilivyofungwa na sanduku la zana, na si kwa ule wa mara moja kwa mwezi. Mwenye kilo 300 za kudumu nyuma anahitaji springi zilizotengenezwa kwa mzigo huo. Akifunga za kilo 500 kwa sababu zinaonekana imara, gari tupu litakuwa gumu, magurudumu ya nyuma yataruka kwenye kila tuta dogo, na barabara ya vumbi yenye makunyanzi itaanza kulitupa gari pembeni. Gurudumu lililo hewani halina breki wala usukani. Kuongeza bamba moja la springi lililotoka kwenye gari jingine, jambo ambalo gereji nyingi hulifanya, huleta hali hiyo hiyo, na bamba lisilolingana na wenzake kwa kawaida hukata la pili.

Mifuko ya hewa inayowekwa kati ya chasisi na springi za mabamba inahitaji tahadhari. Inainua mkia wa gari vizuri, lakini inahamisha mzigo kutoka kwenye ncha mbili za springi na kuukusanya katikati, juu ya sehemu moja ya chasisi. Pikapu iliyozidishwa mzigo, yenye mifuko hiyo na tela nzito, inaweza kupinda chasisi nyuma ya kabini. Gari kusimama sawa halimaanishi kwamba uwezo wake wa kubeba umeongezeka.

Kuhusu kuinua, milimita 40 hadi 50 zinatosha kwa karibu kila kazi halali ya pikapu. Zaidi ya hapo, katika magari yenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea, shafti za mbele hufanya kazi kwa pembe kali, mipira yake hupasuka, na bolijointi hufika mwisho wa mwendo wake. Land Cruiser 79 huvumilia kidogo zaidi kwa sababu ya ekseli yake nzima, lakini usukani wake huanza kutangatanga pembe za ekseli zisiporekebishwa. Kwa gari lolote, alaimenti lazima ifanyike baada ya kuinua, na tena baada ya springi kuzoea.

Jambo kubwa zaidi ni kupinduka. Pikapu ni ndefu kwenda juu na nyembamba, na kila unachofunga juu ya paa kinapandisha juu kitovu cha uzito wake. Mwaka 2007 jarida la Teknikens Värld la Uswidi lilijaribu Hilux kwa kukwepa kizuizi cha ghafla, na gari likainuka magurudumu mawili. Mwaka 2016 kizazi kipya kilionyesha tabia hiyo hiyo kwenye mwendo wa karibu kilomita 60 kwa saa, na Toyota ikafanya marekebisho. Yalikuwa magari ya kiwandani, yasiyoinuliwa, yasiyo na hema la paani wala tairi kubwa. Kilomita 60 ni mwendo ambao wengi wetu hudhani ni wa polepole.

Kama gari lako lina mfumo wa kudhibiti uthabiti, usimruhusu fundi auzime ili taa ya dashibodi isiwake baada ya mabadiliko. Taa inayowaka mara nyingi inasema kwamba sensa ya usukani haikulinganishwa upya, na dawa yake ni kuilinganisha kwa mashine.

Hatua ya 5: Breki

Pikapu nyingi zina diski mbele na dramu nyuma. Kwenye mifano mingi isiyo na mfumo wa kielektroniki wa kugawa breki, kuna vali iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo. Mkia wa gari unapoinuka, vali hudhani gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma ili magurudumu yasifunge. Mkia unaposhuka kwa mzigo, huongeza. Sasa fikiria gari limeinuliwa milimita 50 kwa springi mpya na fimbo hiyo imeachwa kama ilivyokuwa. Vali itaendelea kuamini kwamba gari ni tupu hata likiwa na kilo 800, na breki za mbele zitafanya kazi karibu peke yake hadi zipate joto na kuchoka. Mwulize fundi wako kuhusu fimbo hiyo siku ile ile ya kubadilisha springi. Asiyeijua, mtafute mwingine.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na katika miji ya pwani kama Tanga, Dar es Salaam na Mombasa jambo hilo linahitaji uangalizi wa karibu. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango cha chini kinachokubalika ni nyuzi 140 tu. DOT 4 ni 230 na 155. Mafuta yakichemka ndani ya kalipa, mvuke unajibana badala ya kusukuma pistoni, na pedali inazama hadi chini. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili.

Kabla ya kununua diski kubwa, hakikisha za kawaida zinafanya kazi yake yote: padi za ubora unaojulikana, diski zenye unene ulio juu ya kiwango kilichoandikwa juu yake, breki shuu zilizorekebishwa, na hosi za mpira zisizovimba. Hosi zilizo fupi baada ya kuinua gari zirefushwe kwa hosi sahihi.

Ili kuona kwa nini nasisitiza, tazama umbali. Dereva anayetumia sekunde moja na nusu kutambua hatari na kukanyaga, kwenye lami kavu na tairi nzuri, atasimama baada ya takriban mita 68 akiwa kwenye 80, na mita 97 akiwa kwenye 100. Mita 29 zaidi ni urefu wa lori na tela lake na nafasi ya ziada. Hizo ni hesabu za gari lisilozidishwa mzigo. Lililozidishwa, au lenye tairi za tope kwenye lami yenye maji, linakwenda mbali zaidi.

Hatua ya 6: Ngao ya mbele na taa

Ngao ya chuma ina kazi yake kwa anayepita usiku mahali penye wanyama, kama kipande cha barabara kuu kinachokatiza Hifadhi ya Mikumi. Kwa anayezunguka mjini, inaongeza kilo juu ya ekseli ya mbele na inamuumiza vibaya zaidi mtembea kwa miguu. Gari lenye mifuko ya hewa ya usalama linahitaji ngao iliyotengenezwa kwa modeli hiyo hasa, kwa sababu bampa imepangwa kujikunja kwa kiasi fulani ili sensa zijue wakati wa kufungua mifuko. Ngao iliyochomelewa na fundi wa mageti inavuruga mpangilio huo.

Taa za ziada zifungwe na rilei na fyuzi yake, zisinyonywe kwenye nyaya za taa kubwa. Baada ya kuinua gari, panga upya taa zote: simama mita 10 kutoka ukutani mahali tambarare, na mstari wa juu wa mwanga wa taa kubwa zikiwa zimeshushwa (dimu) uwe sentimita 10 chini ya kimo cha taa yenyewe. Fanya hivyo gari likiwa na mzigo wa kawaida.

Hatua ya 7: Nguvu ya injini

Sasa, kama gari linasimama vizuri na bado linahitaji nguvu, unaweza kuzungumza na fundi wa injini. Kubadilisha programu ya kompyuta ya injini ya turbo huongeza dizeli na msukumo wa hewa, na matokeo huonekana mara moja. Joto nalo huongezeka, na linapita kwenye pistoni, turbo, klachi na gia boksi ambazo hazikubadilishwa. Toyota ilipopandisha injini ya 2.8 ya Hilux mwaka 2020 kutoka nyutoni-mita 450 hadi 500, iliambatanisha na turbo mpya. Fundi anayekuahidi ongezeko kubwa kuliko hilo kwa saa moja ya kompyuta peke yake amekuachia wewe sehemu iliyobaki ya kazi.

Ukiamua kuendelea, omba ongezeko dogo, hakikisha programu ya awali imehifadhiwa ili uweze kuirudisha, na ufunge kipimo cha joto la moshi unaotoka kwenye injini. Funga klachi imara kabla ya nguvu mpya. Kataa kisanduku kinachodanganya sensa ya shinikizo la dizeli, kwa sababu kompyuta haijui tena kinachotendeka.

Land Cruiser yenye 1HZ, injini ya lita 4.2 isiyo na turbo, hufungwa turbo mara nyingi. Injini hiyo ina vyumba vya awali vya mwako na pistoni ambazo hazikukusudiwa msukumo mkubwa. Kwa msukumo mdogo na dizeli iliyopimwa vizuri inadumu. Kwa tamaa, pistoni hupasuka.

Mwenye pikapu iliyoingizwa kutoka Uingereza yenye chujio la masizi kwenye bomba la moshi atakutana na tatizo jingine. Injini hizo zimetengenezwa kwa dizeli ya Ulaya yenye salfa ya sehemu 10 kwa milioni, wakati kiwango kilichoanza kutumika Afrika Mashariki mwaka 2015 ni 50. Nunua mafuta kwenye vituo vya kuaminika, tumia oili ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu, na uiruhusu injini isafiri mwendo mrefu mara kwa mara ili chujio lijichome. Gari likifanya safari fupi za mjini pekee, chujio huziba.

Hatua ya 8: Kupakia na kuendesha

Mzigo uzuiwe usisogee kwenda mbele, nyuma, pembeni na juu. Tumia mikanda ya rachiti iliyofungwa kwenye pete za chasisi au za bodi, na chuma cha kulinda kioo cha nyuma, kwani bomba au mbao zisizofungwa huingia kabini wakati wa breki kali. Tenki la maji lijazwe au liwe tupu. Maji yaliyo nusu husukuma gari pembeni kwenye kona.

Watu wasipande nyuma. Najua jinsi jambo hili lilivyozoeleka, kuanzia vibarua wa mashambani hadi waombolezaji, na najua usafiri ulivyo adimu vijijini. Lakini aliyekaa nyuma hana mkanda wala paa, na uzito wake umekaa juu ya kingo za bodi, mahali pabaya kabisa kwa gari linalopenda kupinduka. Safari mbili ni bora.

Gari tupu lina mkia mwepesi, na kwa kuwa katika 2H nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma, mvua ya kwanza baada ya kiangazi huliteleza kwa urahisi. Ongeza mafuta taratibu katikati ya kona. Usitumie 4H, yaani nguvu kwa magurudumu yote manne, kwenye lami kavu kwa magari ambayo mfumo wake hauna difu ya katikati, kama Hilux za kawaida, kwani magurudumu ya mbele na nyuma hayawezi kutofautiana mwendo na viungo vyote hukazana. Kwenye tope na changarawe laini, iweke mapema, kabla hujakwama.

Kwenye mteremko mrefu kama Kitonga, mkoani Iringa, au wa Mai Mahiu kule Kenya, punguza gia kabla ya kuanza kushuka, na uiache injini izuie gari. Breki ikanyagwe kwa nguvu, kwa muda mfupi, kisha iachiwe ipoe. Mguu uliokaa juu ya pedali kilomita nzima unapika padi. Harufu ya kuungua ni amri ya kusimama. Ukifika mwisho wa mlima mkali, acha injini ya turbo ingurume taratibu bila kukanyaga mafuta dakika moja au mbili kabla ya kuizima.

Maji yanayotiririka juu ya barabara usiyavuke, hata kama gari lina snokeli. Bomba hilo huilinda injini isivute maji, lakini halizuii mkondo kuisukuma pikapu nje ya daraja. Baada ya kuvuka maji yaliyotulia, kanyaga breki kidogo kidogo hadi zikauke, na kesho yake kagua oili ya difu. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia.

Hatua ya 9: Karatasi na ukaguzi wa kufuatilia

Kampuni ya bima iarifiwe kwa maandishi kuhusu kila badiliko kubwa, kwa kuwa dai linaweza kukataliwa kwa sababu ya badiliko lisilotajwa. Injini au rangi ikibadilishwa, kadi ya gari irekebishwe TRA kwa Tanzania, au NTSA kwa Kenya.

Baada ya kazi ya springi, kaza upya yuboliti zote baada ya kilomita 500, na tena baada ya 1,000. Nati za magurudumu zikazwe kwa spana ya kipimo baada ya kilomita 100 za kwanza. Kagua kama tairi mpya zinagusa bodi usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, tazama kama mipira ya shafti imepasuka, na gusa kila shokapu baada ya safari ya barabara mbovu: isiyopata joto kama wenzake imekufa. Kisha rudi kwenye mizani na gari lililokamilika, pima ekseli mbili, na uandike namba mpya pembeni ya zile za mwanzo.